Fimbo ya Ethi Nyumbani kwa Mama Mshonaji

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Limeandikwa kwenye jalada. Kazini naitwa Ngazi, kwa ajili ya urefu.
Umri: Miaka 34, kwa hesabu ya mama yangu.
Elimu: Darasa la tano.
Kazi: Kibarua wa fundi umeme.
Makazi: Chumba cha nyuma nyumbani kwa fundi huyo. Kwetu ni safari ya siku mbili.

Nimekuja kituoni mwenyewe, sikuitwa. Jana niliulizwa kwa mdomo nikasema sijui kitu. Leo nataka iandikwe.

Mnamo tarehe 2 Septemba, siku ya Jumatatu, saa mbili asubuhi, mimi na fundi tulianza kubadilisha nyaya katika nyumba ya mama mmoja aliyestaafu ushonaji. Anaishi na binti yake. Nyumba ni ya zamani. Mpira wa nyaya ulikuwa ukiguswa unapukutika, na hakuna soketi iliyokuwa na waya wa ethi. Mama alituambia friji yake humtekenya mkono.

"Nimeishi nayo kama mume mkorofi," alisema. "Nishajua siku za kutomgusa."

Mimi nilicheka. Fundi hakucheka. Alimwambia, "Mama, hilo si la kuzoea."

Jumatatu hadi Alhamisi kazi yangu ilikuwa kuchimba mifereji ukutani kwa nyundo na tindo. Kuta ni ngumu. Ijumaa tarehe 6, saa tisa alasiri, fundi alinipa fimbo ya ethi niigonge ardhini nyuma ya jiko. Ni fimbo ya shaba ya futi sita. Umeme ukivuja kwenye chombo chochote, unapita kwenye waya wa ethi na kuzama udongoni kwa fimbo hiyo. Fundi ana desturi yake: fimbo ibaki juu vidole vinne tu. Huja akaviweka vidole vyake kando ya shaba, vikilingana anafunga waya.

Fimbo iliingia kama futi mbili ikagonga mwamba. Nikaing'oa, nikahama hatua tatu. Mwamba. Nikahama tena. Mwamba uleule. Nilipaswa kumwita. Angeilaza fimbo mshazari au angetafuta mahali pengine, nimeshamwona akifanya hivyo. Lakini nilikuwa nimechoka, mikono haikunjiki wala hainyooki, na nilijua akija ataniambia nichimbe upya. Nikachukua msumeno wa chuma nikaikata, nikaacha vidole vinne. Kuikata kulinichukua karibu nusu saa. Kumwita kungechukua dakika moja. Kipande nilikitia kwenye gunia la kifusi, ambalo bado liko uani.

Fundi alikuja, akaweka vidole, vikalingana, akafunga waya.

Saa kumi na moja jioni alitaka kufunga kazi bila kuwasha umeme tuliouzima asubuhi. Swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja, pamoja na kipimo cha ethi, vilikuwa vije Jumatatu. Mama akasema, "Mwanangu, dawa zangu za sukari ziko kwenye friji. Hadi Jumatatu zitakuwa maji ya bomba."

Fundi aliitazama friji. Kisha akanigeukia. "Ngazi, fimbo imeingia yote?"

"Imeingia, kaka."

"Haya. Mama, nakuwashia. Ethi ikiwa nzima itatuvusha siku mbili."

Jumamosi tarehe 7, saa nne na dakika arobaini asubuhi, nilikuwa koridoni nikiziba mifereji kwa plasta. Fundi alikuwa hajafika. Mama alikuwa akipiga deki jikoni, miguu mitupu. Akashika ubavu wa jiko la umeme ainuke. Nilisikia sauti, si ya kupiga kelele, kama mtu anayetaka kukohoa akashindwa. Binti akakimbia kumshika. Nilimwambia asimguse, nikakimbilia swichi kubwa nikaizima. Mama akaanguka kwa nyonga.

Jiko halikuwa na ubovu. Mbovu ni friji, lakini waya wa ethi umeunganisha mabati ya vyombo vyote, na umeme ulipokosa pa kuzama ulirudi kwenye kila bati. Kabla hatujaja, ni friji peke yake iliyokuwa ikimtekenya.

Amelazwa. Kiganja kimeungua na nyonga imevunjika. Binti ameniambia mama yake amefumbua macho, ila bado hamtambui yeye mwanawe.

Saa sita na nusu mchana polisi walimkuta fundi pale uani. Binti alimwambia mbele yao, "Si ulisema itatuvusha?"

"Nilisema, dada yangu."

"Basi waeleze imetuvusha wapi."

Polisi wakamchukua kwenda kwenye gari lao. Karibu na gari aliniuliza kwa sauti ya chini, "Ile fimbo iliingia yote?"

Nikasema iliingia.

Akasema, "Basi ni mimi. Kuna mahali nimeunga vibaya." Alipanda gari akitaja miunganiko yake, chumba kwa chumba, akitafuta kosa ambalo halipo.

Fundi hakujua fimbo imekatwa. Kuwasha kabla ya swichi kuja ulikuwa uamuzi wake, na hilo simfutii. Lakini aliamua kwa neno langu, na neno langu lilikuwa uongo. Mtu huyu amenipa kazi miaka sita na chumba bila kuniuliza nitaondoka lini. Asiendelee kutafuta.

Nimesomewa haya polepole, ni maneno yangu, na sina la kupunguza.

Sahihi: (imetiwa)
Tarehe 8 Septemba, saa 3:15 asubuhi

MAELEZO YA ASKARI: Shahidi alipofika kwenye habari ya kukata fimbo nilimsimamisha, nikamweleza kwamba kuanzia hapo anaweza kushtakiwa kwa maneno yake na ana haki ya kunyamaza. Alisema niendelee kuandika. Amewekwa chini ya ulinzi saa 3:40. Nilipomuuliza ndugu wa karibu wa kuarifiwa, alimtaja fundi aliye katika mahabusu ya kituo hiki.