Nilimponya Binti wa Kitabuni, Dada Akanikataza Kumsomea

Mshauri mpendwa,

Sikuwahi kudhani kwamba siku moja ningeandika kwenye safu hii, kwa kuwa mimi ni miongoni mwa wale waliokuwa wakiicheka, na nakiri hilo mapema ili usije ukaligundua mwenyewe katika maneno yangu. Lakini maji yamenifika shingoni, na watu wote ambao ningeweza kuwaomba ushauri ndio haohao ninaowaficha jambo, au ninaoficha nao, basi naomba unisaidie wewe usiyenijua.

Nina miaka ishirini na sita, nina shahada ya fasihi niliyoipata kwa daraja la juu, na kazi yangu ni kuhariri miswada katika kampuni ndogo ya uchapishaji, yaani kutwa nzima ninaketi na kalamu nyekundu nikikata, nikiunganisha, nikiwauliza waandishi kwa nini mhusika wao analia kurasa tatu mfululizo, na sisemi haya kwa kujigamba bali kwa sababu shida yangu imezaliwa na kazi hii. Nyumbani tuko watatu: mama, dada yangu mkubwa mwenye miaka thelathini na mmoja, na mimi. Dada alikuwa karani wa mapokezi katika kliniki ya meno hadi kisukari kilipompokonya macho, la kushoto kwanza, kisha la kulia miezi minne baadaye, na tangu hapo dunia yake ni kitanda, redio, kiti kimoja cha plastiki, na kabati lenye rafu mbili za vitabu asivyoweza tena kuviona.

Vitabu hivyo ndivyo vilivyotulea. Ni riwaya za mapenzi za vijana, zile nyembamba za karatasi ya kijivu, ambamo wanafunzi wawili hutazamana kupitia dirisha la maktaba kwa sura nzima kabla ya yeyote kufungua kinywa. Na ni riwaya za picha, ambamo hadithi huenda kisanduku kwa kisanduku, maneno ya wahusika yakiwa yameandikwa juu ya vichwa vyao. Dada alizisoma akiwa na miaka kumi na mitano, nami nikiwa na kumi nikazisoma baada yake kwa siri, hadi aliponikamata, na badala ya kunishtaki kwa mama akaniuliza ni kijana yupi ningemchagua kama ningekuwa mimi ndiye yule binti. Tulibishana juma zima. Ubishi wangu wote wa chuo kikuu niliuanzia hapo, ingawa kwenye semina sikuwahi kuutaja msingi huo.

Miezi mitano iliyopita aliniomba nimsomee vitabu vyote upya, kimoja baada ya kingine, kwa mpangilio alioupanga yeye kichwani. Nilicheka nikamwambia nitamletea kazi za watu wazima, zenye uzito, naye akanijibu, "Bwana Shahada, sijakuomba unielimishe. Nimekuomba unisomee." Nikakubali, na kila alasiri nikitoka kazini nikawa ninaketi kwenye kile kiti cha plastiki kwa saa nzima, na sitakuficha, nilianza kuondoka ofisini mapema. Riwaya za picha ndizo zilizokuwa na kazi, maana ilinipasa kumweleza kila kisanduku, nani amesimama wapi, mkono uko begani au mfukoni, mvua inapiga upande gani, na nikiruka alijua. Alikuwa akiniambia kwamba hapo katikati kuna kisanduku kisicho na maneno, binti anaangalia viatu vyake, nisimpite.

Lakini mshauri, mtu aliyezoea kalamu nyekundu hata mdomo wake huihifadhi. Nilianza kuhariri nikisoma. Mwanzoni kivumishi kimoja, kisha sentensi, kisha ukurasa mzima wa machozi ambao, kwa maoni yangu, haukuwa na kazi yoyote pale. Dada aliguna tu, na siku moja akaniuliza kama nyumbani kwetu panya wameanza kula kurasa kwa kuchagua.

Mwezi mmoja uliopita tulimpeleka hospitali, na baada ya vipimo daktari akatuita mama na mimi kwenye korido, dada akiwa bado ndani anasaidiwa kuvaa viatu, akatuambia kwa sauti ya chini kwamba figo zimekwisha kabisa, kwamba moyo nao umechoka kiasi kwamba mashine ya kusafisha damu haitamvusha mbali, na kwamba tuhesabu wiki badala ya miaka. Hata hatujamrudia, mama alinishika mkono wa shati akaniapisha nisimwambie, kwa kuwa mgonjwa akijua hukata tamaa, na kukata tamaa ndiko kunakoua, nami, mtu wa kubishia hata ratiba ya basi, sikubisha. Tukamwambia dada kwamba amebadilishiwa dawa. Akasema, "Haya," akauliza kama tumekumbuka mkoba wake.

Siku tatu baadaye aliuvunja mpangilio wake mwenyewe. Vilikuwa vimebaki vitabu saba, lakini akataka tuvuke moja kwa moja hadi cha mwisho, riwaya ya picha anayoipenda kuliko zote, ya binti mwanafunzi mwenye ugonjwa wa damu anayependana na kijana fundi baiskeli, ambaye katika kurasa mbili za mwisho anakufa, na kijana anabaki amekaa sakafuni pale kwenye karakana, magurudumu yakining'inia juu yake, bila neno hata moja. Nilimwambia tusiharibu utaratibu. Akasisitiza. Nikasoma siku nne, na siku ya nne, tulipozifikia kurasa hizo mbili, nikamponya yule binti. Nilifanya kwa ustadi, lazima niseme. Nilitunga visanduku sita palepale, daktari ameshika karatasi ya majibu anatabasamu, binti anashuka ngazi za hospitali, kijana anamsubiri chini na baiskeli aliyoipaka rangi upya, na sauti yangu haikuyumba hata kidogo. Dada akasema, "Huyo binti anakufa, mdogo wangu. Nimemlilia mara kumi na moja. Kwa nini umemponya?"

Badala ya kuomba radhi nikatoa mhadhara. Nikamwambia kwamba kifo cha namna hiyo ni njia ya mkato ya mwandishi mvivu, kwamba kinampora msomaji machozi bila kuyafanyia kazi, kwamba mhariri yeyote makini angeurudisha muswada ule. Nilikuwa na hoja nne, nikazihesabu kwa vidole mbele ya mtu asiyeona vidole. Aliniacha nimalize, akaniambia nikirudishe kitabu rafuni, kisha akasema, bila hasira yoyote, "Usinisomee tena."

Sasa ni wiki ya tatu. Anayemsomea ni jirani yetu, mama mmoja fundi cherehani aliyeishia darasa la nne, anayesukuma silabi kama mtu anayesukuma gari bovu, anayemwita kila mhusika wa kiume "shemeji yetu huyu", na anayekatisha maneno ya mahaba ili kulalamika kwamba sketi ya binti kwenye picha imekatwa vibaya kiunoni. Na dada anacheka. Jana nilisimama kwenye korido mkoba ukiwa begani, nikamsikia fundi akisema, "Ngoja kwanza, hapa wamekaribiana, sijui wanabusiana au wanasemezana, pua zimeingiliana," na dada akacheka hadi akakohoa, na mimi, niliyewapita wote darasani kwa fasihi, nikarudi nje nikakaa kwenye ngazi.

Mama anasema nimwache, atapoa. Jumatatu ya mwisho ya mwezi huu dada anaingia wodini, na daktari hakuahidi kwamba atatoka. Sitafuti kubembelezwa, mshauri, na bado ninaamini kwamba mwisho wa kitabu kile ni dhaifu. Ninachouliza ni hiki: nimwambie nini dada yangu ili aelewe kwamba nilibadilisha kwa ajili ya sanaa, si kwa kumdharau, naye aniruhusu nimsomee tena kabla ya Jumatatu hiyo?

Wako,
Mhariri aliyekatazwa kusoma

*

Kijana wangu,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya nyingi zilizofika kabla yake, kwa sababu ya hiyo Jumatatu, na kwa sababu hiyohiyo sitapoteza mistari kukupongeza kwa daraja lako. Umeandika vizuri. Kila kitu umekiweka mahali pake isipokuwa kimoja, na hicho umeificha nafsi yako kabla ya kunificha mimi.

Hukumponya yule binti kwa ajili ya sanaa. Miezi minne mlisoma vitabu ambavyo, kwa ninavyozijua riwaya za namna hiyo, vingi vilikuwa na miisho dhaifu kuliko huo. Ulikata vivumishi, ulifuta machozi, lakini hukumfufua mtu. Ulianza kufufua baada ya daktari kusema. Uliogopa kumsomea mgonjwa kifo cha mgonjwa, na sijui binadamu gani asingeogopa. Kisha ukaona haya kuogopa, ukavaa joho la shahada juu ya woga. Kwa huo woga nakupa pole. Kwa hilo joho nakukemea.

Sasa nikuulize wewe msomaji hodari. Mtu aliyepanga vitabu vyake kichwani na kuushikilia mpangilio huo kwa miezi, kwa nini auvunje siku tatu baada ya kutoka hospitali? Hukujiuliza. Angefanya hivyo mhusika wa riwaya, ungeandika kurasa kumi juu yake. Dada yako haoni, lakini anasikia mtu anavyomeza mate. Alisikia sauti mliyomrudia nayo kutoka kwenye korido, na ile "Haya" yake haikuwa ya kuamini. Alikuwa na swali, na kwa kuwa wewe na mama yako mmemfungia mlango wa kuliuliza kwa mdomo, akalipitisha kitabuni, mahali ambapo ninyi wawili mmezoea kuzungumzia mambo mazito tangu utotoni. Alikuuliza kama anakufa, na kama utakaa naye. Ukamjibu kwa visanduku sita vya uongo. Papo hapo akajua mambo mawili: kwamba ni kweli, na kwamba atalibeba peke yake.

Ndiyo maana hakukasirika. Mtu humkasirikia aliyemkosea, aliyemtoroka humnyamazia.

Na usimbeze yule fundi. Anasoma vibaya, lakini anasoma kilichopo. Pua zikiingiliana, anasema zimeingiliana. Kwa mtu ambaye nyumba nzima inamdanganya kwa upendo, hiyo ni starehe usiyoijua.

Fanya hivi. Leo zungumza na mama yako kwanza. Usimlaumu, maana alichofanya amekifanya kwa moyo wa mzazi, lakini usimwombe ruhusa pia. Mpe taarifa kwamba wewe umeacha kusema uongo, basi. Akikukumbusha kiapo, mwambie wahenga walimkemea mficha maradhi, sijui wangesema nini juu yetu tunaomficha mgonjwa maradhi yake mwenyewe. Atalia. Kaa naye alie.

Kesho nenda chumbani fundi akiwa bado yumo. Usimwondoe kwenye kiti. Omba kusikiliza, kaa sakafuni, na hata akisoma "moyo" mahali palipoandikwa "moja", ng'ata ulimi wako. Akiondoka, mwambie dada maneno manne: nilimponya kwa sababu niliogopa. Usiongeze la tano. Najua hoja zitakuwasha; ziache ziwashe. Akikufukuza, ondoka kwa adabu, urudi siku ya pili.

Akikuomba kile kitabu, kisome kilivyoandikwa, pamoja na vile visanduku visivyo na maneno. Sauti ikikukatika, iache ikatike. Hakuna mtahini humo ndani. Na akikuuliza daktari alisema nini, mwambie alichosema daktari, usipunguze wala usikoleze. Huenda baada ya hapo akawa na mambo yake ya kusema, nani aitwe, nani asiitwe, nini afanyiwe na nini asifanyiwe. Ni haki yake kuyasema akiwa na pumzi, na mmekaribia kumnyima.

Siwezi kukuahidi kwamba atakukubalia. Wiki tatu umezimaliza ukiulinda uzuri wa hoja zako, na wiki hizo hazirudi. Huenda ukagonga kila siku na kila siku akasema hapana, hadi Jumatatu ifike. Gonga hivyohivyo. Useme uliloogopa kusema, hata kama ni kwa kupitia mlango uliofungwa, ili siku atakapoingia wodini awe anajua kwamba nyumbani kwao kuna mtu mmoja ambaye mbele yake dada yako halazimiki tena kujifanya kuwa hajui.