Mwalimu Anasema

Ashbury, Connecticut
20 Septemba, 1821

Kwa kaka yangu Asahel,

Nakusalimu kwa salamu zote ulizozoea kutoka nyumba hii, na nyingine juu yake, maana ulikaa kimya tangu masika hadi juzi na mimi si mtu wa kununa. Wifi yangu Huldah hajambo? Natumai homa imeshamtoka mtoto, na kwamba Ohio, pamoja na udongo wake unaousifu kana kwamba uliuumba wewe, inaendelea kuwalisha vizuri. Sisi huku tu wazima kwa rehema za Mungu. Baba anakula na analala. Jumamosi alimaliza bakuli la maharage ya kuoka, akaomba jingine.

Barua yako imefika. Unasema mfanyabiashara mmoja aliyepita huko amekuambia kwamba Baba amechoka na shule imebaki jina tu, kwa hiyo baada ya mavuno utakuja na gari la farasi umchukue, na nyumba ya darasa iuzwe. Umenitafutia hata mimi chumba kando ya jiko, penye joto. Ahsante sana, kaka. Lakini kabla hujawafunga hao farasi, keti unisikilize mpaka mwisho, na usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka sala.

Wewe uliondoka mapema, na nadhani umesahau Baba ni nani. Kabla yake, kijana aliyetaka uwakili aliingia ofisini kwa wakili akafagia, akawasha moto, akanakili hati mpaka vidole vikakakamaa, na mwisho akatoka anajua kunakili. Baba ndiye aliyesema katika milima hii kwamba sheria ifundishwe watu wakiwa wamekaa, tangu mwanzo wake hadi mwisho wake, kama wachungaji wanavyofundishwa Maandiko. Walimcheka. Leo vijana wake ni mahakimu katika majimbo ambayo yeye hajawahi kuyaona, na wengine wako Washington wakigombana kwa hoja alizowapa yeye.

Ulipoondoka sauti yake ilikuwa imeanza kukwaruza. Majira ya baridi ya mwaka juzi ilikatika, kikabaki kinong'ono. Ndipo nikawa nakaa kando ya kiti chake darasani, ananinong'oneza, nami natamka kwa sauti: Mwalimu anasema hivi, Mwalimu anasema vile, na vijana wanaandika. Unajua wanavyoandika hapa. Kila neno linaingia, hakuna anayeinua kichwa. Siku moja tukiwa katikati ya somo la mirathi, Baba aliona kitu dirishani, akaninong'oneza, na mimi kwa mazoea nikatamka kwamba Mwalimu anasema bata bukini wa mjane Pruitt wako kwenye kabichi, wafukuzwe. Kalamu zote tisa zikaandika. Ijumaa yake, kwenye kesi ya mazoezi, kijana mmoja akasimama na kudai kwamba kwa mujibu wa Mwalimu, bata wa mjane lazima wafukuzwe kwanza ndipo mirathi igawanywe. Na mpinzani wake hakucheka, kaka. Alipinga hoja hiyo kwa nguvu zote. Baba alicheka mpaka akashika meza.

Ilikuwa furaha, nami sikujua kwamba itakwisha. Machi iliyopita, tulipokuwa tunachemsha utomvu wa miti kupata sukari, Baba alianza somo la mikataba vizuri tu, kisha akaniinamia sikioni akauliza kama Mama amesharudi kutoka kanisani. Mama, ambaye mimi na wewe tulimzika tukiwa tumeshikana mikono. Vijana walikuwa wanasubiri, kalamu juu ya karatasi. Nikafungua mdomo nikasema, Mwalimu anasema, ahadi isiyo na malipo haimfungi mtu. Wakaandika. Nami sikukoma.

Sasa umeshaelewa, kaka. Tangu wakati huo hakuna neno la sheria lililotoka kwa Baba. Ananong'ona kuhusu Mama, kuhusu theluji, kuhusu farasi wetu yule mwekundu aliyekufa zamani, na mimi nasema sheria ya ardhi, ya ushahidi, ya wadhamini. Yote niliyasikia tangu utoto nikishona kando ya mlango wa darasa, na hakuna aliyewahi kunitoa kwa sababu hakuna aliyedhani nasikiliza. Sikuombi radhi kwa hili. Baba, anayeamka asijue hata chumba chake, kila saa tatu asubuhi hudai koti lake jeusi, huvuka ua bila kuongozwa, hukaa kwenye kile kiti, na uso wake hutulia. Mpeleke Ohio, na hiyo saa tatu ataipeleka wapi?

Wala usidhani wanafunzi ni wajinga. Mwezi Juni ulimi uliniteleza, nikasema "Nadhani" badala ya "Mwalimu anasema." Kalamu zote zikasimama. Lucius Penfield, yule mrefu wa kutoka Vermont ambaye ndiye mkubwa wao, akasema bila kuinua kichwa, "Mwalimu anadhani. Tumeshaandika, Bi. Jerusha, endelea." Tangu siku hiyo kiti changu kina mto wa kukalia, na sijui nani aliuweka.

Lakini uvumi uliokufikia wewe uliwafikia pia mawakili wa wilaya. Wakamtuma Jaji Orsamus Kell aje akae darasani, na akiona Baba hawezi, vyeti vyake visikubaliwe tena na vijana waende kwingine. Alikuja Jumanne. Alikaa nyuma, tumbo lake likijaza benchi, akasikiliza somo zima. Kisha akasimama akamwomba Baba, rafiki yake Eleazar, kwa heshima zote, awaeleze vijana kesi ya Dina. Kaka, hiyo ndiyo kesi iliyompa Baba jina, hata ukimwamsha usingizini alikuwa anaisema. Baba akaniinamia. Akanong'ona, "Dina ni nani?"

Nikasema, Mwalimu anasema: Dina alikuwa mtumwa wa bwana mmoja tajiri wa mtoni. Mke wa bwana huyo alipougua, bwana alimwahidi Dina kwamba akimuuguza mpaka apone, atakuwa huru. Mke akapona, bwana akaikana ahadi, akasema sheria haijui mapatano kati ya mtu na mali yake. Nami, anasema Mwalimu, nikawauliza wazee wa baraza: nani kati yenu amewahi kupatana na jembe lake? Nani amemwahidi ng'ombe wake kitu, akasubiri ng'ombe akubali? Bwana huyu alipofungua kinywa kumwahidi, alishakiri mwenyewe kwamba anasema na mtu. Wazee wakatoka, na waliporudi Dina alikuwa huru.

Jaji alijifuta macho waziwazi, akasema hajapata kumsikia Eleazar akiieleza vizuri namna hii. Nikamsindikiza hadi langoni nikidhani tumepona. Pale akageuka. "Binti," alisema, "nimesikiliza mashahidi maisha yangu yote. Baba yako alinong'ona maneno mawili matatu, na wewe ukatoa kurasa." Akapanda farasi wake kwa taabu, akasema, "Nitawaambia kwamba somo lilikuwa zuri, nao hawatapata uongo wowote kwangu."

Kwa hiyo njoo, Asahel. Njoo baada ya mavuno kama ulivyopanga, umwone, umshike mkono. Lakini acha gari huko, panda farasi mmoja. Darasa hili la vijana tisa limebakiza majira ya baridi yajayo tu, na nataka walimalize. Yeye pia, hata kama hajui. Na mimi, kaka. Mimi kuliko wote.

Limebaki jambo moja ambalo sikumwambia Jaji wala Lucius. Nilipomaliza kesi ya Dina, wakati Jaji bado anatafuta kitambaa, Baba alinivuta mkono wa gauni nikainama. Alinitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni, akanong'ona, "Binti, unaijua sana sheria. Nani alikufundisha?" Kabla sijajibu, akanipigapiga mkono. "Ukimwona, mwambie amefanya kazi njema."

Nikamwambia pale pale, sikioni mwake, kwamba amefanya kazi njema.

Msalimie sana wifi, wabusu watoto, na huyo mfanyabiashara akipita tena mwambie Ashbury hatujambo. Mungu akulinde njiani.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Jerusha Treadwell