Baba, Nta Niliitanguliza Mimi

Baba yangu,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini ni wewe uliyenifundisha kwamba habari haitangulii salamu, hata kama nyumba inaungua.

Nimeolewa, Baba. Acha niseme hilo kwanza. Nimeolewa na Masanja, yule dereva wa lori la pamba uliyekuwa ukimwita "mwenye meno mengi" kwa sababu kila akikuamkia alikuwa anacheka. Anacheka mpaka leo. Tunakaa hapa Geita, Kalangalala, chumba na sebule. Asubuhi akiondoka na pikapu ya wanunuzi wa dhahabu, mimi husimama mlangoni mpaka vumbi lake jekundu litue, ndipo naingia ndani. Majirani wananiita Bi Harusi ingawa ni mwezi wa tatu sasa. Waache. Akirudi ananiletea karanga kwenye mfuko wa shati, zimevunjikavunjika, na mimi nazila kama mtu aliyeletewa lulu. Sikujua kama kuna kupendwa namna hii.

Lakini furaha yangu ina doa, na doa hilo nilikuficha mpaka tukakufukia.

Ni lile gari la Mzee Jayanti, mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Shinyanga mjini. Ulikuwa umelipaka rangi upya, bluu iliyoiva, ili limpeleke binti yake kwenye harusi Mwanza. Rangi ilikuwa imekwisha kukomaa. Kazi iliyobaki ilikuwa kuikinga na jua na vumbi. Juu ya benchi kulikuwa na vitu viwili: chupa ya ile dawa mpya ya kukinga rangi, nyeupe kama maziwa, aliyoiagiza Mzee Jayanti kutoka Nairobi, na kopo letu la siku zote la nta ya njano. Ndipo ukaitwa msibani Tinde, kwa shangazi yako. Ukaniachia gari mimi, na mafundi wenzako pale uwanjani wakakushangaa. Ukawaambia, "Huyu ana kidato cha nne na ana vidole. Ninyi mna kipi?"

Uliniagiza mara mbili. "Ng'wanone, mwanangu, ya chupa kwanza, ishike rangi tupu. Iache mpaka kesho. Kesho ndipo ya kopo, ikae juu yake. Plasta haishiki kwenye ngozi yenye mafuta."

Nilisikia, Baba. Sitasema sikusikia.

Nililiosha, nikalikausha. Nikavaa vidoleni ile karatasi ya nailoni ya pakiti ya sigara, kama ulivyonionyesha, nikapapasa boneti mpaka nikahakikisha hakuna hata chembe ya mchanga. Halafu utingo wa Masanja akapita, akaniambia lori lao litasimama stendi saa kumi jioni, muda wa kunywa soda moja tu, kisha wanakwenda Kahama. Tangu hapo sikuwa uwanjani tena. Nilikuwa stendi, ndani ya kichwa changu, nimevaa gauni la maua. Mikono ikaenda kwenye kopo kama ilivyozoea. Nilipozinduka, nta ilikuwa imeenea boneti, paa na milango yote.

Nilijua la kufanya. Spiriti, kitambaa safi, niitoe yote, nianze upya. Ingenichukua mpaka jua linazama. Nikatazama saa. Nikaimimina ile ya chupa juu ya nta, nikasugua harakaharaka, nikakimbia stendi.

Na gari lilimetameta jioni ile! Uliporudi kutoka Tinde ulilizunguka ukanipiga bega. Ulisema "wabeja," ukanishukuru kama mtu mzima mwenzako.

Mvua iliwakuta njiani kwenda Mwanza. Ile dawa haikuwa imeshika kitu. Ikavimba, ikachanika, vumbi likaganda kwenye mabaka, na gari la bibi harusi likaingia kwa wakwe kama mgonjwa wa ukurutu. Mzee Jayanti alirudi nalo hivyohivyo. Hakukuita pembeni. Alisimama katikati ya uwanja wa mafundi akapaza sauti, "Mzee, macho yako yamekwisha! Sema macho yamekwisha, nitafute mtu mwingine!"

Uliinama. Ukapitisha kidole kwenye boneti, ukakinusa. Ukanitazama mara moja tu. Mimi nikashusha macho.

"Ni mimi, Mzee," ukasema. "Nilichanganya."

Siku mbili ulilisugua gari lile, hukuniruhusu nikusaidie, na hukuniuliza neno. Ningeona afadhali unichape. Mzee Jayanti hakurudi tena, na waliokuwa wakimfuata yeye hawakurudi. Watu walikuwa wakikuita Baba Kabula. Wakaondoa jina langu, wakaweka kosa langu. Baba Mabaka. Mpaka watoto wa sokoni. Nawe ulikuwa unaitika, Baba! Uliitika mwaka mzima na zaidi, mpaka kifua kilipokulaza, na mimi nakaa kando ya kitanda nakupepea, nasema kesho nitamwambia, kesho. Halafu ikawa huna kesho.

Masanja nilimweleza mwezi uliopita, tukiwa tunakula. Akacheka kwanza, si unamjua. "Kumbe ile harufu siku ile stendi haikuwa mafuta ya nywele!" Kisha akaliacha tonge mkononi. Akasema, "Basi jina la mzee tumelila sisi wawili, Kabula." Jumamosi yake akaomba ruhusa kazini, tukaenda Shinyanga.

Mzee Jayanti alikuwa akipima misumari. Nilimwamkia, nikamwambia yote nikiwa nimesimama, mbele ya wateja. Hakuelewa mara moja.

"Lakini baba yako alisema ni yeye. Mimi niliamini. Kwa nini nisiamini? Yule mzee hajawahi kunidanganya."

"Alikudanganya mara moja, Mzee. Kwa ajili yangu."

Akarudisha misumari kwenye sanduku. Akanitazama muda mrefu, nadhani alikuwa anamfikiria binti yake. Kisha akachukua kofia. "Sikumtukana dukani. Nilimtukana kule. Twende kule." Mkewe akapaza sauti kutoka ndani kwamba chakula kinapoa. Akajibu, "Kipoe!"

Uwanjani, Fundi Mashaka, yule wa kunyoosha bodi, alitupokea kwa utani wake. "Bi harusi wa Geita! Umetuletea dhahabu au vumbi tu?" Nikawaambia. Masanja akanishika kiwiko, lakini hakunisemea, nami namshukuru kwa hilo. Nilisema nta niliitanguliza mimi, nikajua nimekosea, nikaiacha, nikakimbilia mwanamume. Nikasema macho ya baba yangu yalikuwa mazima mpaka siku alipoyafumba.

Mashaka, aliyelitunga jina lile, akakaa chini juu ya tairi. "Nilimwita hivyo hata tulipolibeba jeneza," akasema. "Nilimwambia mwenzangu, shika vizuri, Baba Mabaka mzito. Watu wakacheka."

Sikuwa najua hilo, Baba. Nilikuwa nyuma na akina mama.

Mzee Jayanti alisimama pale benchi lako lilipokuwa. Siku hizi wamepanga ringi mbovu. Akavua kofia, akasema neno la samahani na kulitaja jina lako lote, la ubatizo na la ukoo. Akageuka kwangu. "Umechelewa, binti. Na mimi nimechelewa." Akaenda zake. Hakunifariji, na sikutaka anifariji.

Mama nilimwambia mwisho. Alinipa ungo wa mchele nichambue, tukachambua wote mpaka ukaisha, kisha akasema, "Ulikuwa ukimsumbua usingizini. Alikuwa anataja jina lako." Mpaka sasa sijui uliniita kwa hasira au kwa kunihurumia. Hilo ndilo linaloniliza nikiwa peke yangu, hata katika raha hii yote.

Nimeanza tena kazi. Tangu siku ile ya gari la bluu sikuwa nimegusa kitambaa. Pikapu ya Masanja nimeipaka ya chupa, nikailaza siku nzima kwenye kivuli cha nyumba, kesho yake nta, tabaka jembamba, duara ndogondogo, bila kugusa raba za madirisha. Nikamwagia maji. Yakajikusanya vidonge vidonge, yakateleza, na rangi ikabaki kavu. Nilifurahi, halafu nikakaa chini nikalia, kwa sababu mtu wa kunipiga bega hakuwepo.

Sasa Baba, nikuage. Lala, mzee wangu. Udongo wa Shinyanga ukulalie laini. Ahadi yangu ni moja, na samahani, si ile ambayo pengine ungeitaka. Mungu akitujalia mtoto, naye akaharibu kitu cha mtu, sitasema "ni mimi." Ulinipenda uliponificha, lakini ulinificha hata nikashindwa kutoka. Mimi nitamshika mkono, tutakwenda wote kwa mwenye gari, nisimame karibu naye mpaka amalize kusema.

Mwanao,
Kabula