Mume Wangu Anatoza Watu Kuvuka Mto

Mpendwa Mama Nyamusi, naomba unisaidie, na ukitaka kunicheka nicheke tu, lakini mwishowe unisaidie. Mimi ni mama wa watoto watatu huku karibu na Ekerenyo, tunalima chai na ndizi, mume wangu anaitwa Manasseh, na majina sitayaficha maana hata nikiyaficha kila mtu huku ataijua kamba yetu. Mvua ya mwezi wa nne ilileta mafuriko yakabeba daraja la chini, lile la kwenda kituo cha majani chai na zahanati, watu wakabaki wamesimama ng'ambo hii na ng'ambo ile wakitazamana. Sasa mto unapopita shambani kwetu ndipo pembamba, kwa hiyo Manasseh akakata mikaratusi yake miwili, akailaza juu ya maji, akaifunga vizuri, na siku ile ya kwanza watu walivuka bure wakimwombea baraka, hata mzee wa kanisa akamtaja siku ya Sabato, nami nikajiona mke wa mtu wa maana.

Shida ilianza jirani mmoja alipompa shilingi ishirini za kumshukuru. Hizo ishirini, Mama, ndizo zilizomfungulia shetani mlango. Kesho yake nikakuta amefunga kamba ya ng'ombe mbele ya miti, anayevuka atoe ishirini, wiki haijaisha ikawa hamsini, na kikapu cha chai kinalipiwa peke yake kama mtu mzima, kwa sababu anajua majani yakikawia yananyauka na kituo hakiyachukui. Nikamwambia, "Baba Ashley, hawa ni majirani." Akanijibu, "Miti ni yangu, shamba ni langu. Mto tu ndio wa Mungu, na mto sijautoza." Na ukweli ni kwamba asubuhi mimi ndiye niliyekuwa nikishika kamba yeye akinywa uji, na viti vipya ninavyokalia nikikuandikia vimetoka huko, na ni laini kweli.

Sabato iliyofuata akasimama wakati wa maombi akamshukuru Mungu kwa mvua na kumsihi aiongeze. Hakuna aliyesema amina. Mimi nilikohoa.

Lakini kilichonifanya nikuandikie ni Bitutu, jirani wa ng'ambo ninayeimba naye kwaya. Alishikwa na uchungu wa kuzaa alasiri moja, mumewe Walter na wanaume watatu wakambeba juu ya kiti mpaka kwenye miti yetu, mama mkwe wake nyuma na beseni. Manasseh akahesabu wabebaji, akahesabu mgonjwa, akahesabu nyanya wa watu, kila kichwa hamsini. Walter alikuwa ametoka mbio hata viatu hana, akasema, "Tata, nitakulipa kesho." Manasseh akatabasamu, "Kesho ni ya Mungu." Mimi nimesimama pale, Mama, kamba iko mikononi mwangu, nangoja mume wangu aseme ni mzaha. Walter hakungoja. Aligeuza kile kiti wakashika njia ya juu, ile ndefu, na mtoto akazaliwa katikati ya chai, wachumaji wamemzungushia mama leso zao. Wote wawili wazima, Mungu ni mwema, lakini kijana wameshamwita Hamsini, na jina limeshika.

Tangu hapo hakuna anayetugombeza, na hilo ndilo linalonimaliza. Wanalipa, wanasema "Mbuya mono, tata," yaani asante sana, baba, wanapita. Kwenye kwaya nikikaa benchi linapanuka. Manasseh mwenyewe hali akashiba, lakini nikigusia kamba anakuwa mkali, na juzi amepandisha hadi sabini. Kesho kutwa anakwenda Mosocho kununua mbao za kupanua daraja. Je, niikate hiyo kamba akiwa hayupo? Na ndoa yangu je? Na kwa Bitutu nitaingia na uso gani?

Persis, mke wa mwenye kamba

MAMA NYAMUSI ANAJIBU

Persis, nimekucheka kama ulivyoniruhusu, hasa hicho kikohozi cha kanisani, maana ndilo neno la pekee ulilomwambia mumeo mbele ya watu. Sasa nimemaliza. Nisikilize.

Mumeo si mwizi. Aliyelaza miti yake majirani wavuke alifanya jambo jema, na angeweka mkebe pale kwa mwenye kutaka kutoa, leo ningekuwa namsifu. Ubaya ni kungoja mtu akose pa kupita ndipo umtajie bei. Mwenye majani yanayonyauka hawezi kupatana nawe, na mwenye uchungu wa kuzaa ndiyo kabisa. Manasseh analijua hilo. Unadhani sabini imetoka wapi? Mwanamume akiona aibu na asitake kuisema, hupandisha bei.

Na wewe usijifiche nyuma yake. Siku ya Bitutu kamba ilikuwa mikononi mwako. Ungefungua vidole tu, mama, ingeanguka yenyewe!

Wasomaji wajue kwamba sikungoja gazeti litoke, nilikupigia simu. Nikakukataza kukata kitu kisirisiri, kwa sababu angerudi kutoka Mosocho na mnyororo. Nikakwambia umweleze mchana, macho kwa macho, kwamba hushiki tena kamba na unakwenda kumwona mtoto. Ulikata simu bila kuaga. Nikajua umenikasirikia, na kwamba utafanya.

Ulipopiga tena ulikuwa unalia na kucheka pamoja. Ulimwambia, akajibu neno moja: "Nenda." Ukaenda na kuku na unga wa wimbi, ukasimama mlangoni pa Bitutu huku umesahau hotuba yako yote. Yeye akakuwekea mtoto mikononi akasema, "Mshike vizuri, siku hizi amefika sabini." Mwanamke huyo ana moyo kukuzidi wewe na mimi. Uliporudi ulikuta kamba haipo, na Manasseh, bila kukutazama, akasema ng'ombe alikuwa anaihitaji.

Basi mwache ng'ombe awe na kamba yake. Usiulize, usipige vigelegele, usimsimulie mtu kisimani. Vile viti, laini au si laini, vipelekeni zahanati, akina mama wanangoja zamu wakiwa wameketi chini. Zile mbao za Mosocho zipigilieni kando ya miti ziwe za kushikia, watoto wasiteleze.

Lakini hayo yote hata fundi anaweza kuyafanya. Lililobaki ni la Manasseh mwenyewe, na Walter bado analingoja. Mwambie aende kwake kwa miguu, mchana, watu wakimwona, asitume simu wala mzee wa kanisa. Aseme kwa Ekegusii, maana Kiswahili chetu hiki tunakitumia kwa wageni na mikutanoni, na Walter si mgeni. Fuatana naye, keti, ufunge mdomo. Akishasema "nilikosea," anyamaze papo hapo, asitie neno "lakini." Na wewe, Persis, usimsaidie kulitia.