Kikao cha Kuzipa Majina Nakala za "Kina" Ambazo Hazijakamilika

CHAMA CHA WATUNZI WA PROGRAMU, BONDE LA KILOMBERO

Jumamosi, 13 Februari 1999, katika duka la kuchapa la Ndugu Zakayo, Viwanja Sitini, Ifakara.

WALIOHUDHURIA
Ndg. Zakayo Lipangile – Mwenyekiti
Ndg. Ildefonce Mbunda – Mtunzi wa programu
Ndg. Mayunga Shija – Mjumbe
Dada Ritha Kaniki – Mjumbe, ushirika wa wakulima, Mang'ula
Bi. Tekla Mbunda (zamani Tekla Ngasoma) – Katibu

AMBAYE HAKUHUDHURIA
Ndg. Viktor – Mjumbe; yuko shambani kwenye palizi, alitoa taarifa.

KUMB. NA. 1/99: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 4:20 asubuhi kwa kuwapongeza Ndugu Ildefonce na Katibu kwa ndoa yao ya tarehe 30 Januari. Dada Ritha alipiga vigelegele mpaka wapita njia wakachungulia. Katibu alishukuru kwa maneno mengi. Mwenyekiti alisema, "Shemeji, usiyaandike yote." Basi imeandikwa tu kwamba furaha hiyo haina kipimo.

KUMB. NA. 2/99: HALI YA "KINA"
Ndugu Ildefonce alieleza kwamba "Kina" ni programu ya kutunza vipimo vya mvua na kimo cha maji ya mto. Ni ya bure, na maandishi yake ya ndani yako wazi: yeyote anaweza kuyasoma, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Jumatatu disketi itasafiri kwa treni hadi Dar es Salaam, na huko itawekwa kwenye intaneti ili dunia nzima iichukue.

Mwenyekiti alisema hakuna kitu cha namna hii kilichowahi kutoka Ifakara. Wajumbe walikubali kwa makofi. Katibu aliomba iongezwe kwamba mtunzi aliifanya kazi hii usiku na mchana, hata wiki ya harusi, na kwamba mikono yake ni ya kujivunia. Mwenyekiti alipinga. Wajumbe waliruhusu.

KUMB. NA. 3/99: LALAMIKO LA MANG'ULA
Dada Ritha alisema naye anajivunia "Kina", lakini ana donge. Mwezi Desemba alipokea disketi iliyoandikwa "Mwisho". Ofisi yake ikaamini kazi imekwisha, ikaacha kuandika mvua kwenye karatasi. Januari ikaja nyingine: "Mwisho Kweli". Alipoiingiza, vipimo vyote vya msimu ule wa mvua vilifutika. Sasa wakulima wanamuuliza mvua ilianza lini, naye hana hata karatasi ya kuangalia.

"Kama haikuwa imeiva, mngeniambia," alisema. "Ningeionja tu, nisingekula chakula chote."

Mwenyekiti alieleza kwamba majina yale aliyatoa yeye kwa nia njema. Ndugu Mayunga aliuliza kama inayofuata itaitwa "Mwisho Wallahi". Kicheko kilichukua muda. Mwenyekiti hakucheka.

KUMB. NA. 4/99: JINA LA NAKALA YA JUMATATU
Mwenyekiti alipendekeza iitwe 1.0, yaani kamili, kwa kuwa amekwisha kuchapa lebo na kuwatangazia watu sokoni. Dada Ritha alisema ikiitwa kamili, yeye anajitoa katika chama.

Mwenyekiti alimtaka mtunzi aseme. Ndugu Ildefonce alijibu kwamba hitilafu iliyofuta vipimo ameirekebisha, ila imejaribiwa kwenye kompyuta moja tu, ya dukani humu. "Kaka Zakayo, siwezi kuita kamili kitu ambacho bado nakiogopa." Katibu alimwangalia mume wake na kuona kwamba alichagua vizuri.

Ndipo Katibu aliomba kusema. Alieleza kwamba kabla ya ndoa yao, posa ilijulikana nyumbani tu. Ukafuata uchumba, wakajua jamaa na marafiki. Kisha majina yao yalisomwa kanisani Jumapili tatu, na kila mara padri aliuliza kama kuna anayejua kizuizi. Kila Jumapili moyo wake ulidunda, lakini siku ya ndoa hakuwa na hofu hata kidogo. Nakala nazo zipite njia hiyo.

Mwenyekiti alisema, "Bi harusi bado yuko ukumbini." Ndugu Mayunga alisema kwao Usukumani hawakusomewa kanisani, lakini ameelewa kuliko alivyowahi kuelewa namba.

ILIAZIMIWA: Nakala ya watunzi peke yao iitwe Posa. Ya marafiki, wakionywa watunze karatasi zao, iitwe Uchumba. Inayokaribia kutoka iitwe Tangazo la Kwanza, la Pili, la Tatu, na kizuizi kikionekana, lirekebishwe na kuhesabiwa upya kuanzia la Kwanza. Ikipita yote, ndipo ipewe 1.0. Nakala ya Jumatatu ni Tangazo la Kwanza.

Mwenyekiti alichukua kalamu, akakata 1.0 kwenye lebo zake mwenyewe na kuandika jina jipya kwa herufi kubwa. Wajumbe walimpigia makofi kuliko yote ya siku hiyo.

KUMB. NA. 5/99: KUFUNGA
Mwenyekiti alisimama, akainua disketi ya pili yenye nakala hiyo, akauliza kama kuna anayejua kizuizi. Wote walimgeukia Dada Ritha. Aliipokea, akaitia mkobani kwa safari ya Mang'ula, akajibu:

"Leo sina. Nikishaijaribu, niulizeni tena."

Kikao kilikwisha saa 6:45 mchana, wajumbe wakaenda kula wali kwa maharusi.

Zakayo Lipangile
MWENYEKITI

Tekla Mbunda
KATIBU (sahihi yangu ya kwanza kwa jina hili)