Yusta kapiga magoti katikati ya mtihani

Georgina uko wapi?? Yusta kayakanyaga. Nimejibanza jikoni hapa.

Si ule mtihani wake wa Kibulgaria kwa simu ya video, wa kupata ufadhili wa udaktari wa mifugo? Mwalimu yuko Sofia, huko Bulgaria, anamtaka atunge sentensi za kuomba na kutakia. Eti wenzetu wanaweka "da" mbele ya kitenzi, pale sisi tunaposema uje, upone. Yusta anatiririka tu.

Mara hodi mlangoni. BABA YAKE. Kutoka kijijini Kimali, bila taarifa! Na mzee hajui lolote la hiyo safari ya masomo!!

Yusta puu, magoti chini, kamwamkia Kisukuma: "Mwangaluka, baba." Kwenye simu kimebaki kiti. Mwalimu anaita Yusta, Yusta! Mzee hana haraka, anauliza ya afya, anaeleza ya mvua na ng'ombe.

Kisha kachungulia simu. Mwalimu kafurahi kumwona, kamwambia Yusta amtafsirie baba: tunaomba umruhusu aje kwetu.

"Anasemaje?"

Angeweza kudanganya, Georgina. Hakudanganya. "Anasema uniruhusu niende kusoma kwao."

Mzee kaisogelea simu.

"Mwambie, mtoto wangu haombwi kwa simu. Aje hapa, akae, tuzungumze."

Yusta katafsiri yote kwa Kibulgaria. Mwalimu kapiga makofi! Eti "da" zote zimekaa sawa, amefaulu!

Mzee kayatazama yale makofi, kamgeukia mwanawe, bado yuko magotini.

"Naona amekubali. Anakuja lini?"