Hatua Kumi na Nne

18 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini hujambo, na mguu wako unakuachia usingizi siku hizi. Mimi mzima. Simu wametunyang'anya tangu siku ya kwanza, eti zinatupunguzia akili, kwa hiyo zoea mwandiko wangu wa kuku.

Chumba chetu kina vitanda vinne. Jirani yangu tunamwita Dada Mkubwa, si kwa umri bali kwa urefu: nyayo zake zinalala nje ya kitanda. Kwa kuruka na upondo, hakuna anayemfikia hapa kambini. Kocha tumempa jina la Bwana Futi kwa sababu futi haimtoki mkononi.

Aliniuliza, "Unakimbia hatua ngapi kabla ya kuruka?" Nikasema kumi na mbili, kama ulivyonifundisha. Akacheka. "Hizo za watoto. Kuanzia kesho kumi na sita. Mbio ndefu, kasi kubwa, upondo mgumu, unapaa." Hesabu yake inaingia akilini, sivyo? Mchujo ni tarehe ishirini Aprili. Nikivuka mita nne naingia timu ya taifa, nisipovuka nafungasha. Na unajua mimi bado ni wa mita tatu na sentimita sitini.

Kila kitu kinakwenda vizuri. Nimempa dereva wa basi viatu vyangu, soli imeachia. Nishonee.

Mwanao,
Panzi

23 Februari

Panzi wangu,

Marahaba. Mimi sijambo. Mguu ni ule ule, haunipendi wala hauniachi. Viatu vimefika na nimevishona uzi mara mbili, dereva atakupa.

Sasa tuzungumze. Nina miaka ishirini na moja nashona viatu vya watu. Mtu akiniachia kiatu, najua anavyotembea hata kama sijamwona akitembea. Misumari ya mbele ya viatu vyako ni mizima kabisa. Kisigino cha kushoto ndicho kilicholika, kama cha mtu anayeteremka mlima. Mrukaji anayekwenda kuruka hakanyagi kisigino, mwanangu. Anayekanyaga kisigino anafunga breki.

Unafika karibu na kishimo cha kuchomekea upondo, unakata hatua, unapita pembeni bila kuruka. Nasema uongo? Ni mara ngapi kwa siku? Niambie mimi, usiuambie mto wa kitanda.

Shangazi yako

5 Machi

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Hujambo? Mimi mzima wa mwili.

Umetaka ukweli, haya. Jana nilikimbia mara ishirini na sita. Niliruka mara mbili. Nyingine zote nilipita na upondo begani kama mtu aliyetumwa kupeleka mlingoti. Wenzangu wameacha kucheka, na hilo linaniuma kuliko kicheko. Hatua kumi za kwanza napaa. Ya kumi na tatu miguu inaanza kutafuta ardhi, mikono inachelewa kuinua upondo, na kitu tumboni kinaniambia usiruke.

Bwana Futi anasema ni woga, na woga nimefunzwa nyumbani. Sikukutetea. Maana ni kweli, Shangazi. Wewe hukuwahi kunivusha hatua kumi na mbili. Uliruka miaka mingapi? Pikipiki ikakugonga, ukaacha, ukanirithisha mbio zako fupi. Samahani, lakini ndivyo ninavyoona.

Nitaendelea na kumi na sita. Naomba usiniandikie mpaka mchujo upite.

Panzi

10 Machi

Mwanangu,

Umesema nisiandike, naandika. Utanisamehe au hutanisamehe, lakini soma mpaka mwisho.

Hakuna pikipiki. Haikuwahi kuwepo.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu, siku ya mchujo kama huo wako. Mpinzani wangu alikimbia hatua kumi na nane, na watu wakamshangilia hata kabla hajaruka. Mimi wa kumi na nne nikaona haya. Hakuna kocha aliyenilazimisha, nilirudi nyuma mwenyewe, nikaongeza nne. Nilifika kwenye kishimo nimechoka, kasi yangu niliiacha njiani. Upondo ukasimama wima, ukakataa kupita. Nilining'inia kule juu, nikatazama godoro liko mbele yangu na njia ya kukimbilia iko chini yangu, nikajua naangukia wapi. Kifundo cha mguu kilivunjika mahali patatu. Nikabuni pikipiki, kwa sababu kugongwa hakuna aibu.

Kwa hiyo ndiyo, nilikuficha nyuma ya hatua kumi na mbili. Hilo ni kosa langu, na Bwana Futi ana haki yake: mbio fupi mno zinakuacha chini. Lakini kitu tumboni kinachokukataza si woga. Kinahesabu vizuri kuliko kocha.

Fanya hivi. Mpe mtu saa, akupimie mita kumi za mwisho peke yake. Kimbia na upondo hatua kumi na mbili mara tano, kesho kumi na nne mara tano, keshokutwa kumi na sita. Pale mita za mwisho zinapokwenda kasi kuliko zote, hapo ndipo pako. Hatua isiyokuongezea kasi inakula nguvu zako bure.

Shangazi yako

2 Aprili

Panzi,

Hujambo? Wiki tatu kimya. Leo mteja wangu mmoja, mwalimu, kaja na gazeti: mrukaji wa kambi yenu ameanguka mazoezini, yuko hospitali. Jina hawakuandika. Nimepiga simu ya ofisi yenu mara tisa, inaita mpaka inachoka.

Kama una hasira nami, endelea nayo. Niandikie neno moja tu.

Shangazi

6 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mzima, mzima.

Aliyeanguka ni Dada Mkubwa. Bwana Futi alimpeleka hatua kumi na nane. Upondo ulimrudisha vile vile ulivyoandika, nami nilikuwa nimesimama pale. Mkono umevunjika mahali pawili. Nimekuwa nikimlisha na kumsuka nywele hospitalini, ndiyo maana kalamu ilinishinda. Barua yako nilimsomea yeye. Alilia, akasema, "Nitafutie saa."

Juzi alitoka. Amekaa kwenye kiti kando ya njia, mkono mmoja kwenye plasta, mwingine na saa. Siku tatu, mara tano tano. Kumi na mbili ni nyepesi lakini kasi bado inapanda. Kumi na nne ndiyo kali kuliko zote. Kumi na sita inashuka, kila mara.

Nikaenda kwa Bwana Futi. "Kocha, nataka kukimbia kumi na nne."

"Nani amekuambia?"

"Saa."

Hakupandisha sauti. Akasema, "Basi siku ya mchujo tafuta wa kukuangalizia alama. Mimi sitakuwa hapo."

Bila mtu wa kuona mguu wangu unapokanyaga, nitaruka kipofu. Najua hujakanyaga uwanja tangu siku ile. Njoo.

Mwanao,
Panzi

22 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Umefika salama? Mbona hukuaga?

Nilipokuona langoni na begi lako la fundi nilitaka kulia, nikajizuia kwa kuwa ulikuwa umenitangulia. Ulichuchumaa kwenye alama na mguu huo. Mita tatu na themanini nikavuka, rekodi yangu. Mita nne, mara ya kwanza nikaangusha mwamba wa juu. Mara ya pili nikaangusha. Upepo ulikuwa usoni, wewe ukasogeza alama yangu ya kuanzia mbele, urefu wa kiatu kimoja, ukasema, "Usibadilishe kitu kingine." Nikarudi mwanzo wa njia kungoja zamu yangu ya tatu, ya mwisho. Nilipogeuka, hukuwepo.

Aliyechuchumaa mahali pako alikuwa Bwana Futi.

Sikuwa na muda wa kuuliza. Kumi na nne, Shangazi. Nilizihesabu zote na hakuna hata moja iliyotafuta ardhi. Upondo ukajikunja, ukanitupa. Nyonga ilipita, kifua kikagusa mwamba. Nililala godoroni nikiutazama unavyotikisika.

Mwamba ukabaki.

Nimo kwenye timu. Bwana Futi hakunipongeza. Aliniambia tu, "Kidole cha mguu kilikanyaga pale penyewe." Leo asubuhi amemwomba Dada Mkubwa ile karatasi aliyoandikia vipimo vya saa. Ulimwambia nini?

Mwanao,
Panzi

26 Aprili

Panzi wangu,

Marahaba, mara elfu.

Nilisikia kelele nikiwa nje ya ukuta, na sikujua ni za furaha au za msiba. Nilisimama kituoni nikaacha mabasi mawili yapite, nikishindwa kurudi kuuliza. Siku sita hizi nimeshona viatu viwili vya kushoto kwa mteja mmoja. Barua yako nimeisoma mlangoni huku mtu anasubiri na soksi.

Kocha wako nilimkuta karibu na lango, amejificha nyuma ya nguzo, anakutazama. Nilimwambia, "Miguu yangu imenikatalia. Niliwahi kuanguka mchujo kama huu, siwezi kuona mruko wa tatu. Nenda wewe, na ukiona anafunga breki, mpigie kelele asiruke." Akaniuliza nilianguka nikikimbia hatua ngapi. Nikamwambia kumi na nane. Hapo akaniambia Dada Mkubwa alimwomba abaki kumi na sita, naye akakataa. Akaondoka kwa kukimbia.

Usimtese kwa hilo. Nadhani anajitesa vya kutosha.

Mimi nilikukimbia wewe, na hilo limenikaa rohoni. Mashindano yenu yakifika, niandikie tarehe mapema nifunge banda. Safari hiyo nitakaa mpaka mwisho, hata kama ni kwa kufumba jicho moja.

Msalimie Dada Mkubwa.

Shangazi yako